Meza Chini ya Dirisha la Stesheni

Kabula mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa mama yako mdogo. Begi lako liko hapa mlangoni, zipu imegoma kufunga kwa sababu ya michembe ya viazi niliyokulazimisha kubeba. Nimekaa mezani na kalamu yako. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuficha simu kwenye basi, wala za wanaume. Hayo nimekuhubiria wiki nzima mpaka umeniziba mdomo kwa mkono. Nataka kukwambia jambo moja tu, na ningekuwa na ujasiri ningekwambia uso kwa uso. Ujasiri huo sina. Wewe unanijua, mdomo wangu ni mwepesi wa kugombana, lakini kwenye mambo ya kweli unakauka kabisa.

Leo mchana Mzee Hamisi alipiga hodi. Ulikuwa chumbani unapanga nguo, ukamsikia. Alikuwa amevaa shati lake la Ijumaa na ameshika kifurushi cha gazeti.

“Mwadila, Mama Kabula,” akanisalimia, kwa Kisukuma chake kile cha mtu wa Kigoma ambacho hakijanyooka mpaka leo.

Akafungua gazeti. Bendera mbili, ya kijani na nyekundu, amezifua na kuzipiga pasi. Zile alizokuwa akisimama nazo treni ikipita, alipokuwa stesheni masta.

“Nimesikia binti anakwenda Tabora kusomea kuongoza treni,” akasema. “Reli mpya haina kazi na vitambaa, najua. Taa zinawaka zenyewe. Lakini nimeona asiende mikono mitupu.”

Nawe ukapaza sauti humo ndani, makusudi asikie: “Mama, mwambie sipokei kitu cha mtu aliyemuua baba yangu! Na shikamoo yangu hapati!”

Ulimsikia alivyojibu? Alisema polepole, labda hukusikia. Alisema, “Mwache, mama. Mtoto ana uchungu wake.” Akazikunja bendera zake, akazirudisha kwenye gazeti, akaondoka na ule mguu wake unaochechemea. Mimi nikabaki nimeshika mlango. Sikusema kitu, kama ambavyo sijasema kitu tangu ukiwa darasa la tatu.

Kabula, Mzee Hamisi hakumuua baba yako peke yake. Mkono wangu ulikuwemo. Haya, nimeshaandika, siwezi kufuta. Sasa nisikilize nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu kesho unakwenda kujifunza kazi ile ile, na sitaki uende nayo huku umemchukia mtu ambaye kosa si lake peke yake.

Unaikumbuka meza yangu pale stesheni? Ubao mmoja mpana juu ya magogo manne yaliyochimbiwa chini, na benchi moja la wateja. Ilikuwa chini ya dirisha la ofisi ya stesheni masta, upande wa kivuli. Mzee Hamisi akiinua kichwa kutoka kwenye simu yake ya kuzungusha, kitu cha kwanza anachokiona ni masufuria yangu. Nilikuwa nauza ugali wa udaga wa muhogo, mlenda, dagaa, na siku nzuri nyama. Baba yako alikuwa nyapara wa genge, na kazi ya genge lake ilikuwa kutunza reli. Asubuhi walipanda kiberenge, kile kigari chao kidogo chenye injini ya kelele, wakaenda kukaza vyuma na kupanga kokoto. Wakirudi, hata mikono hawajanawa vizuri, wanakuja mezani kwangu.

Bakuli la baba yako lilikuwa lile la bati lenye maua mekundu. Nilikuwa nampakulia mapema kabla wateja hawajamaliza nyama, nalifunika kwa sahani, naliweka pembeni ya meza. Likifunikwa limefunikwa. Hakuna mtu angeligusa, hata mlevi.

Sheria ilisema nyapara aingie ofisini, aseme anakwenda upande gani, atie sahihi kwenye daftari, na akirudi atie sahihi tena. Kabla hajatia sahihi ya kurudi, treni haiendi upande ule. Ilikuwa sheria nzuri. Lakini watu wakifanya kazi pamoja muda mrefu huzoeana, na mazoea hayana adabu. Siku moja baba yako alisahau kutia sahihi ya kurudi, Mzee Hamisi akanyoosha kichwa dirishani: “Mama Kabula, genge limerudi?” Mimi nikamjibu kwa ule mdomo wangu, “Kwani huoni? Bakuli tupu hilo hapo. Unadhani nimekula mimi?” Akacheka. Tangu siku hiyo akawa anatazama bakuli. Likiwa limefunikwa, genge bado liko njiani. Nikishaosha vyombo, nimepangusa meza, nimepindua benchi miguu juu, basi wamerudi na njia ni nyeupe.

Nawe usidhani ilikuwa mchezo. Kuna siku ya mvua kubwa kijana mmoja wa genge alitangulia kwa miguu, akaingia ofisini akatia sahihi kwa niaba ya baba yako, akijua wenzake wako nyuma yake hapo hapo. Hawakuwa hapo hapo. Kiberenge kilikuwa kimezima njiani. Dereva wa treni ya mizigo alikuwa anapiga honi, anatukana, anataka kuondoka. Mzee Hamisi akatazama daftari, likasema wamerudi. Akatazama meza yangu, bakuli limefunikwa. Akamwambia dereva, “Hapana, zima injini yako.” Dereva akaja juu, akatishia kumshtaki. Kisha tukawaona, wanasukuma kiberenge kwa mikono, wameloa chapachapa. Baba yako alikula siku ile huku anatetemeka, na Mzee Hamisi akaja kukaa naye kwenye benchi.

Baada ya hapo daftari likaonekana kitu cha kuandikia tu. Bakuli ndilo lililoaminiwa. Na mimi, mwanangu, nikavimba kichwa. Haki ya Mungu nilijiona na mimi ni mfanyakazi wa reli. Wanawake wenzangu wanauza ugali, mimi nauza ugali na kuongoza treni!

Halafu zikaja sheria mpya. Hizo unazikumbuka, maana wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wa baba yako. Alitoka semina na kitabu kipya, akakaa pale kwenye mkeka na wewe unamshikia kitabu kama mwalimu mkuu. Maneno mengi ya zamani yalipigwa marufuku. Zamani stesheni masta akiuliza kwa simu stesheni ya mbele kama njia haina kitu, anajibiwa “laini klia,” na treni inaondoka. Sasa ikawa hakuna kusema laini klia. Ni kibali, na kila kibali kina namba, na namba inatoka kontroo, kule wanakoangalia treni zote. Genge nalo lisiingie njiani mpaka lipate kibali chake kwa simu ya upepo, na anayekipokea akirudie neno kwa neno, aliyekitoa asikie, aseme sahihi. Usiporudia, huna kibali.

Baba yako alilifanya mchezo wa nyumbani. “Mama Kabula, kontroo, naomba kibali cha ugali.” Mimi: “Kibali namba saba, ugali mmoja, hakuna nyama.” Yeye: “Narudia. Kibali namba saba, ugali mmoja, nyama mbili.” Nawe unapiga kelele, “Amekosea! Hajapewa! Arudie!” Tulicheka wee mpaka jirani akauliza kulikoni. Nakwambia hivi ili ujue kwamba mimi sina ugomvi na sheria mpya. Zilikuwa bora kuliko zetu. Kama zingefika zote siku moja, pamoja na vyombo vyake, baba yako angekuwa hapa anakufungia zipu.

Lakini hazikufika zote. Kitabu kilifika, simu za upepo za magenge hazikufika. Wakaambiwa, endeleeni kwa utaratibu wa zamani kwa muda huku mkijizoesha mpya. Wiki zikapita. Asubuhi baba yako anatia sahihi kwenye daftari la zamani, na ofisini Mzee Hamisi anafundishwa kuzungumza kwa maneno mapya. Kila mtu alikuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule.

Siku yenyewe alikuja mkaguzi. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa, si mtu mbaya. Alikuwa na kazi yake. Akatoka ofisini, akaiona meza yangu, akauliza, “Hii nini? Biashara haitakiwi karibu hivi na reli. Ipo kwenye kitabu.” Akarudi ndani. Mzee Hamisi akatoka kuniambia. Alikuja kwa aibu, anajikuna kisogo.

“Mama Kabula, samahani sana. Kuanzia kesho asubuhi utahamia kule nyuma ya bohari, kwenye mwarobaini. Si mimi, ni sheria mpya.”

Mh! Ungeniona. Nilimtukana mbele ya wateja. Nilimwambia ameshiba ugali wangu wa mkopo na wa bure, sasa ananifukuza kama mbwa. Nilimwambia mambo ya mguu wake. Wateja wengine wakacheka. Yeye akasema tu, “Kesho, mama. Leo maliza kazi yako,” akaingia ndani kwa mkaguzi wake.

Kesho, alisema. Mimi nikasema moyoni, thubutu! Kesho ya nini? Nikabeba masufuria kichwani, nikabeba vyombo, nikabeba na bakuli la baba yako likiwa limefunikwa na sahani yake. Sikumuaga mtu. Na mikono yangu, Kabula, mikono yangu ilifanya kile ilichozoea kufanya kila siku ninapofunga kazi. Nilipangusa meza. Nikapindua benchi miguu juu.

Usiniulize kama nilikumbuka. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Nadhani kitu fulani kilinipitia, kama mtu anayeitwa kwa mbali. Lakini hasira ilikuwa tamu. Nilikuwa natembea kuelekea nyumbani huku najisemea, ngoja wakose meza yangu, wataona. Hayo nayakumbuka neno kwa neno. Nilitaka waone.

Nilifika kwenye zile nyumba za reli, nikashusha vyombo. Ndipo nikasikia treni ya mizigo inapiga honi ya kuondoka. Nikasikiliza inakwenda upande gani. Ilikuwa inakwenda upande wa genge. Na bakuli la baba yako lilikuwa mkononi mwangu, bado la moto.

Sasa hapa ndipo pananiua, mwanangu. Sikukimbia. Ningeweza kukimbia, treni ya mizigo huondoka kivivu, na geti la stesheni halikuwa mbali. Lakini nilijiambia, Hamisi ana daftari lake, ana simu yake, ana mkaguzi wake, hanihitaji mimi. Nikaona aibu kurudi pale dirishani nilikotoka kutukana. Nikamwaga maji kwenye karai nikaanza kuosha sufuria. Nilisugua sufuria moja, Kabula. Halafu nikatupa kila kitu nikakimbia, na nilipofika nikaona behewa la mwisho linapotelea kwenye kona.

Mzee Hamisi alikuwa kwenye jukwaa la stesheni na bendera yake ya kijani. Akaniona sina pumzi. Akatazama meza, akanitazama mimi. Akauliza, “Wamekula?” Nikatikisa kichwa. Nilimwona mtu akizeeka pale pale. Alirudi ndani akaanza kuzungusha ile simu, anaita stesheni ya mbele, anaita kontroo, mkaguzi anauliza kuna nini, kuna nini. Hakukuwa na njia ya kumfikia dereva wala genge. Simu za upepo zilikuwa bado hazijafika.

Wawili wa genge waliruka kutoka kwenye kiberenge. Baba yako alikuwa ameipa treni mgongo, ameshika breki, na injini ya kiberenge ina kelele. Hayo mengine hutayapata kwangu, hata ukiniuliza nikiwa kwenye kitanda changu cha mwisho.

Walikuja watu wa kuchunguza. Waliuliza, genge lilikuwa na kibali chenye namba? Halikuwa nacho. Stesheni masta alikagua daftari kabla ya kuruhusu treni? Hakukagua. Alipoulizwa kwa nini hakukagua, Mzee Hamisi alisema, “Nilisahau.” Nilikuwa nimekaa pale nyuma, kwenye benchi la wafiwa. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilisahau! Hakusahau. Aliangalia meza yangu, kama kila siku. Angesema hivyo wangenigeukia mimi, wangeniuliza nilipangusa saa ngapi na kwa nini. Alijua. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama sakafu. Wakaandika kwamba kosa ni la marehemu kuingia njiani bila kibali, na la stesheni masta kwa uzembe. Akafukuzwa kazi. Mimi waliniuliza swali moja: je, mume wako alikuwa amefundishwa sheria mpya? Nikasema ndiyo, alifundishwa na mtoto wake.

Nilitoka pale na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo kila siku baada ya hapo. Ulipoanza kuuliza nani amemuua baba, mabibi wakasema Hamisi, ukashika Hamisi. Nilikuona unavyopata nguvu kwa kumchukia. Ulikuwa huli, ukaanza kula. Nikasema, wacha ashike hicho, akikua nitamwambia. Uongo mtupu! Niliogopa. Usiku ulikuwa unalala umeng'ang'ania kitenge changu, na niliogopa ukijua utakiachia. Hiyo ndiyo sababu, na sitaipamba.

Nyumba ya reli tuliirudisha. Nikakuacha kwa bibi, nikaenda Rwamgasa kwa mjomba wako Shija kuwapikia wachimbaji. Ulilia sana na ukaniambia nakukimbia. Ulikuwa sahihi, nilikuwa nakukimbia. Nisingeweza kukutazama ukipiga magoti kusali kwa ajili ya baba.

Kule Rwamgasa nilikuta kitu. Kila shimo la dhahabu, wao wanaita duara, lina ndala mdomoni. Mchimbaji anayeshuka anavua ndala zake anaziacha juu, pembeni ya mdomo wa duara. Akipanda anavaa. Kwa hiyo bosi wa duara akitaka kulipua baruti anatazama ndala. Wana daftari pia, na wanaitana kwa kamba na kengele, lakini jicho linakwenda kwenye ndala. Siku niliyoelewa hilo nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika.

Siku moja mvua ilianza kunyesha. Kijana mmoja mgeni, mwema tu, akaanza kuzikusanya zile ndala azihamishie chini ya turubai zisilowe. Weee! Nilipiga yowe kambi nzima ikasimama. “Rudisha! Rudisha kila moja ilipokuwa!” Nilimvamia na mwiko mkononi. Watu wakaniambia, mama umerukwa na akili, ni ndala tu. Shija peke yake ndiye alinielewa, akaja akanishika mabega. Tulizipanga upya huku nalia. Hakukuwa na baruti siku ile. Hakuna mtu angekufa. Lakini yule kijana hakuuliza, mwanangu. Aliona ndala, hakuona watu waliokuwa wanazitazama.

Na mkaguzi naye aliona meza. Nami mwenyewe nilijua meza ile inatazamwa, nikaiondoa.

Niliporudi Shinyanga tukapanga hapa Kambarage, na nilimkuta nani mtaa wa pili anatengeneza redio? Unajua. Nilitaka kuhama siku hiyo hiyo. Asubuhi yake alikuja kununua maandazi yangu. Alisema, “Mama Kabula, nipe mawili.” Nikampa. Nikasema, “Mzee Hamisi, siku ile...” Akanikatiza. “Daftari lilikuwa langu,” akasema. “Lilikuwa chini ya kiwiko changu. Ningefunua ukurasa mmoja tu.” Akachukua maandazi yake. Hatujalizungumza tena. Anabeba sehemu yake na yangu pia, na wewe umekuwa ukipita mbele ya kibanda chake umegeuza uso, nami nikikutazama unavyogeuza.

Sasa unakwenda. Umenionyesha kwenye simu yako hizo stesheni mpya, vioo vitupu, mtu amekaa mbele ya taa anaona treni zote. Utafundishwa maneno ambayo baba yako hakuyasikia. Na ukishayazoea yatabadilishwa tena, utapewa kitabu kingine. Yapokee. Usiwe kama wale wazee waliokuwa wanakiita kitabu kipya upuuzi. Kile kitendo cha kurudia neno kwa neno, kishike kama roho yako, hata wenzako wakikucheka, hata dereva akikutukania mama yako. Mwache atukane, mimi nimezoea.

Lakini kuna siku ya katikati. Ya zamani imeshatolewa na mpya haijafika, na kila mtu anadhani mwenzake anaangalia. Siku hiyo ndiyo ya kuogopa. Ukipewa madaraka ya kusema hiki kiondoke, hiki hakimo kwenye kitabu, toka nje kwanza. Waulize wafagiaji, waulize wanaouza karanga, nani huwa anakitazama kitu hiki na anakitazamia nini. Watakuona mshamba. Uliza tu. Na kama siku moja wewe ndiye uliyeambiwa uondoke, na umekasirika, na una haki ya kukasirika, sema kwa sauti kwamba unaondoka. Tukana ukitaka, lakini sema. Mimi nilitukana kila kitu siku ile ila neno moja lililohitajika. Ningepita dirishani nikasema, “Nimefunga, genge bado.” Ndiyo hayo tu.

Bendera Mzee Hamisi amekwenda nazo. Kibanda chake kiko njiani kwenda stendi, nawe unakijua, na huwa anafungua mapema. Sikulazimishi. Shikamoo ya kulazimishwa haina maana, hata yeye ataijua. Ila jua kwamba ukimnyima, unanyima mtu aliyenyamaza ili wewe ubaki na mama.

Nami siombi unisamehe leo. Ningeomba ningekuwa na haraka, na haraka yangu imetosha. Unaweza kunichukia kwa muda. Najua unavyochukia, una kipaji, umekitoa kwangu. Naomba usinichukie kimya kimya tu. Nipigie simu unitukane, nitapokea.

Nimechoka, na alfajiri lazima niwe stendi kukaanga maandazi. Naingia kulala kabla hujarudi, kwa woga, si kwa usingizi. Nimekupikia ugali wa udaga na nyama, nyama kweli kweli. Barua nimeiweka chini ya bakuli. Ni lile la baba yako la maua mekundu, sijampakulia mtu humo tangu siku ile, na leo nimekupakulia wewe, nimefunika na sahani.

Usomapo, kama unaweza kula, kula. Uoshe, upanguse meza, nami nikiamka nitajua umerudi kwangu. Kama huwezi, liache hivyo hivyo. Nitakuta limefunikwa, nitajua bado uko njiani, na nitalipita nikaenda kazini kwangu. Jioni nitapasha moto, nitafunika tena. Kesho kutwa hivyo hivyo. Majirani wakiniuliza kwa nini kuna chakula cha mtu asiyekuwepo, nitawajibu kwa ule mdomo wangu. Safari hii siliondoi mezani.

Mama yako,
Mama Kabula